Ng'ombe Alikamwa Kushoto

Walitundika shuka ya kitanda cha mchungaji
ukutani mwa ghala la ushirika, huko Nebraska,
Machi ya mwaka wa ishirini na mbili, theluji ingali
imelala mitaroni kama mbwa asiyetaka kufukuzwa.
Tukaketi juu ya magunia ya shayiri.
Mkubwa senti kumi. Mtoto yai moja.

Filamu ilihusu watu kama sisi; ndivyo tulivyoambiwa.
Shamba, kisima, baba mkali mwenye ndevu,
binti ambaye viganja vyake havikuwa na sugu hata moja,
na kibarua aliyekuja kuvuna, akavuna kingine.
Baba yangu alivumilia dakika nne.
"Ameketi kushoto!" akanguruma. "Nani hukama kushoto?
Angekuwa Rosa wetu, angekwisha kumrusha teke hadi Omaha."
Ghala zima likacheka. Hata yule ng'ombe wa kwenye shuka
aligeuza kichwa kama anayeafiki.

Bibi hakujua Kiingereza.
Kila maandishi yalipotokea, meupe juu ya weusi,
baba alimfasiria kwa Kiswidi, kwa sauti ya mnadani,
mapenzi yakatoka kama bei ya ngano:
"Anasema hawezi kuishi bila yeye. Anasema mwezi.
Sasa wamerudi kwenye mwezi."
Bibi akaitikia kwa kichwa, anafuma soksi gizani.

Mama sikumsikia akicheka.
Nikamtazama kwa mwanga ule unaotetemeka:
analia.
Si pale binti alipofungiwa mlango,
si pale mvua ilipomlowesha kibarua langoni
(mvua ya ndoo, alisema baba, tazameni kivuli chake, jua linawaka).
Ni pale mama wa kwenye filamu, baada ya chakula,
alipovuta kiti, akaketi,
akaiweka mikono mezani, mitupu,
na hakuna aliyemwita.
Basi. Picha ikapita.
Mama yangu akajifuta kwa ncha ya aproni
ambayo hakuivua hata kuja sinema.

Penzi ni kikohozi, halifichiki.
Nyuma yetu, penye mashine, Einar Sjöstrand
alikuwa akizungusha mpini na kukohoa.
Nilikijua kikohozi kile. Nilikijua tangu mavuno ya mahindi,
alipokuja kuazima msumeno
na kwao ipo mitatu.

Likafika busu. Nyuso mbili zikasogeleana, taratibu,
pua hatua moja kutoka kwenye pua,
mara shuka ikawa nyeupe tupu. Moshi.
Miluzi, vishindo vya buti. Einar akakata, akagandisha kwa gundi,
na filamu iliporudi harusi ilishafungwa,
mzee mwenye ndevu anacheka, kampakata mjukuu,
wala hatukujua ni nini kilichomlainisha.
"Ndivyo walivyo," alisema Bibi.
Maneno yake pekee usiku ule.

Filamu haikuungua. Nililijua hilo baadaye.
Mchungaji alikuwa ameagiza: busu lisipite juu ya shuka yake.
Moshi ulikuwa wa kiko cha Einar,
naye hakuwa mvutaji, ndiyo maana alikohoa
(au ndiyo sehemu ya maana).
Wiki iliyofuata alinikuta zizini,
akasimama upande wa kulia, upande unaostahili,
akanipa kopo la hamira. Ndani, fremu kumi na moja.
Nikaziinua penye taa ya kandili:
kumi na moja, na katika zote hawajafikiana.
Rosa akaipiga ndoo teke.

Mama sikumwona akiketi.
Nilipoolewa nilimwachia kiti changu kando ya jiko;
akaanikia mataulo.

Kopo bado ninalo, kwenye droo ya vifungo.
Filamu imeoza, imekuwa unga wa rangi ya mdalasini,
unanuka soksi. Imebaki fremu moja yenye kuonyesha kitu:
ukingo wa kofia, na nusu ya pua.
Ya nani, mimi na Einar
hatujakubaliana hadi leo.