Kiti Namba Kumi na Nne

Tulichanga wanne. Liene aliuza baiskeli,
Ojars akaacha sigara mwezi mzima (alivyodai),
mimi na Zane tukasugua masufuria ya mkahawa kila Jumamosi.
Ukumbi wa opera hapa Riga ukavisha upya kiti kimoja:
velveti nyekundu, safu ya saba, ubavuni mwa nguzo,
na kibati cha shaba mgongoni,
majina yetu madogo kama sisimizi.

Usiku wa ufunguzi theluji ilitusindikiza hadi mlangoni.
Tukapanda roshani ya juu kabisa, tiketi za bei ya chai,
tukainama kukitafuta.

Kimekaliwa na mzee. Kasinzia
kabla zumari halijavuta pumzi,
mdomo wazi, koti mapajani.

Zane akaninong'oneza: "Jamani,
hela yetu haikwenda bure."