Daftari la Mvua, Ngomeni

Baba hakuacha wosia. Aliacha mvua:
milimita, saa moja asubuhi, kwa penseli,
miaka kumi na tisa nyuma ya kiwanda cha mkonge.
Na pembeni, kwa herufi ndogo,
kama anayeiba nafasi ya kampuni:
habari za mnana.

Kulikuwa na dume mmoja aliyenasa dirishani.
Baba akamvisha uzi wa shaba mguuni, akamwachia.

Mwaka wa kwanza alifuma Mei,
masika yameshamwagika, majani yamekomaa, hayapindiki.
Kiota kama soksi iliyotoboka.
Jike akaingia, akatoka, hata hakugeuka.
Dume akakifumua mwenyewe, unyuzi kwa unyuzi.
"Kijana. Atajifunza."

Mwaka wa nne aliwatangulia wote.
Mawingu bado yamejikunyata kule Usambara, hayajaamua,
yeye tayari anachana makuti mabichi.
"Mm 2. Kajuaje?"

Mwaka wa sita hakufuma yeyote.
Mnazi mtupu hadi Juni,
na ukurasa mzima wa sifuri,
mviringo, mviringo, mviringo,
mayai ambayo hayakutagwa.

Mwaka wa tisa kachelewa tena, kama ujanani.
Mafundo yaleyale, mazuri; ila Mei.
Na mwandiko wa Baba, mwaka huo, unatoka nje ya mstari.
"Mzee mwenzangu. Mvua ipo, mwili ndio unasuasua."

Mimi nina miaka thelathini na tisa
na mimba ya miezi saba, ya kwanza.
Kliniki ya Muheza nesi kaandika juu ya kadi, kwa wino mwekundu: UMRI.
Shangazi Mwanjaa anahesabu kwa vidole, anaguna.
Usiku nafunua kurasa, namtafuta jike.
Hayumo.
Baba hakumfunga jike yeyote uzi.
Hakuna ajuaye alikuwa wa mwaka wa ngapi
siku alipokikagua kiota, akakipima kwa mdomo,
akakubali.

Kiwanda kimefungwa. Hakuna anayeuliza tena milimita.
Leo asubuhi nimeinama kwa taabu, mkono kiunoni,
nimesoma kipimamvua: sita.
Nimeandika.
Juu mnazini kelele tupu, manjano juu ya manjano.

Na pembeni, kwa herufi ndogo:
jike kaingia.
Hajatoka.