Molk

Saa kumi na moja alfajiri, zizini, kule Vogelsberg,
Irmtraud ameegemeza kipaji ubavuni mwa ng'ombe.
Kitenzi kimo vidoleni.
Nakama: *melke*. Nilikama: *molk*.
Ndoo ikishajaa, *gemolken*.

E hujiviringa ikawa O,
mdomo wa mtu aonjaye maziwa yangali na joto.
Vitenzi dhaifu huvaa *-te* mkiani,
aproni ya kuazima.
Hiki hubadilika tumboni.

Kilitoka wapi?
Kabla ya kalamu, kabla ya Ujerumani kuwa Ujerumani,
mtu tusiyemjua alibana chuchu, akatamka.
Irabu zimetangatanga tangu hapo;
m, l, k zimebaki,
nyayo za kwato kwenye tope lililokauka.

Jana Wiebke, mjukuu, aliandika *melkte*.
Mwalimu hakugusa wino mwekundu:
siku hizi zote mbili sahihi.

Bibi alilisoma daftari, akalifunga.
Mashine ya kukamia inafika Jumanne.

Sasa anasogeza kigoda,
anamwambia ng'ombe, si mtoto aliyesimama mlangoni na viatu vya shule:
*Ich molk.*

Ng'ombe anapiga mkia.
Wiebke, kimya kimya, anaujaribu mdomo ule wa mviringo.