Pua Si Yake

Mchongaji wa Nottingham alileta uso ulio tayari
(alabasta, pauni kumi na nane, usafiri juu yetu),
akasema waheshimiwa wote hufanana wakishakufa.
Ndiyo maana Bwana Ambrose Pynchbek, marehemu,
amepiga magoti kanisani kwa pua isiyo yake,
kati ya wake wawili ambao hawakuwahi kuonana.

Mimi Gawen, karani wake, nilihesabu vilivyobaki:
kosi tatu za marinda, moja imetafunwa na panya kwa ajili ya wanga;
upanga ambao haukuwahi kukata kitu ila jibini;
daftari la madeni, nene kuliko Biblia.

Mara nne alikwenda Bungeni.
Siku sita juu ya farasi, matope hadi mkandani,
na kila uchaguzi mapipa ya bia kwa watu wa mji:
wakanywa, wakamchagua, wakatapika langoni pake.
Kule London alikaa safu ya nyuma, karibu na mlango,
akikohoa. Wenzake walimwaga maneno
kama mtu amwagavyo maji aliyokwisha kunawia;
yeye aliniandikia kuuliza habari za daraja,
za ng'ombe mwenye kwato mbovu,
na kama Bibi Thomasine bado anatema damu.

Nilimdharau kidogo. Naungama.

Kisha mwaka ule Mfalme alipotaka kukopeshwa
kwa nguvu, makamishna walikuja
na orodha, na wino, na tabasamu.
Majirani walitia saini. Hata kasisi.
Bwana akaichukua kalamu ya unyoya,
akaitazama ncha,
akaichonga upya, taratibu, kama mwenye waraka mrefu wa kuandika,
akairudisha mezani, kavu.
"Siwezi," akasema. Hakusema hataki.
Siwezi, kana kwamba mkono ule
ulikuwa amana ya watu.

Miezi kumi na mmoja gerezani.
Alirudi bila meno ya mbele, mzaha umemzidi.
Hakuna aliyempigia kengele. Daraja lilikuwa limeanguka;
akalijenga kwa fedha za kukopa, safari hii kwa hiari,
na deni hilo ndilo ninalolipa mpaka leo.

Jumapili hukaa ubavuni pa sanamu.
Uso siutambui.
Lakini mkono wa kuume, mchongaji, kwa haraka au kwa uvivu,
aliuacha mtupu: hauna kitabu, hauna kalamu.
Hapo namwona.