Saraka ya Muda

Saa moja asubuhi Saifu bin Mhenna ananipigia
kutoka Birkat al-Mauz, wakala wa falaji:
"Binti, zamu za maji hazichapiki.
Watu wako mlangoni, migomba ina kiu,
na programu yako inasema kitu hakipo.
Kitu gani, haisemi."

Nisomee, nikamwambia.
Akasoma kwa Kiswahili alichorithi kwa mama yake,
polepole, kama anayehesabu chenji:
"Mkwaju. Te. Em. Pe."
Nikajua kosa ni langu.

Kwenye mashine yangu hapa Ghubra
saraka hiyo ipo daima, mlangoni tu, kama mkeka.
Naandika humo hesabu nusunusu,
athari mbili za huyu, robo ya yule,
nikizima na kuwasha nakuta pamefagiliwa.
Nikadhani dunia nzima ina mkeka huo.

Nikashika njia ya Fanja, jua likinichoma mkono wa kushoto.

Windows ya Saifu huficha vyake chumbani kwa mtumiaji,
mlango ndani ya mlango,
na mikwaju yake imelalia upande wa pili.
Haifagii. Nilikuta humo ankara ya pampu
ya miaka minane nyuma,
na nusu ya barua kwa wizara, haikutumwa.
Kompyuta ya Thuraya, mwenzangu wa ofisini,
ile yenye tofaa, ina uficho mwingine,
jina refu la herufi zisizotamkika,
na hufagia siku inayotaka yenyewe.

Nikaufuta ule mstari niliouandika kwa kujiamini.
Badala yake nikaweka swali:
mwenyeji, vya muda viwekwe wapi?
Nikabonyeza.
Ikakataa tena!
Mjukuu alipoifungua mashine aliandika jina
la babu yake kwa Kiarabu, na nafasi katikati,
na programu yangu ilipofika kwenye ile nafasi
ikadhani njia imekwisha, ikakaa chini.
Saa nzima nyingine. Kahawa, halwa, nzi mmoja.
Nje mtu akauliza kama yule fundi ni huyu msichana.

Nikalifunga jina lote kwa alama za kunukuu,
nikaongeza na mstari wa mwisho:
ukimaliza, futa ulichoandika,
usimwachie mwenye nyumba.

Printa ikakohoa. Karatasi ikatoka:
Wadi Zahran, athari mbili, kuanzia alasiri.
Watoto wa marehemu Shinuna, athari moja, baada yake.
Saifu akaisoma kwa sauti mlangoni,
watu wakatawanyika na majembe yao.

Kisha akaikunja mara nne.
Na zile za wiki jana, nikamwuliza, unaziweka wapi?
Akacheka, akapiga mfuko wa dishdasha yake.
Ukalia kama majani makavu.