Ukakasi

Umeandika "cheri" kwenye kidaftari chako,
ukaandika "ngozi", ukaandika "viungo",
kisha ukaiinamia bilauri
kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.
Sikukatazi, bwana Tesio. Andika.
Ila cheri hazioti kwenye mteremko huu,
na ngozi unayoinusa
huenda ni mshipi wa marehemu mume wangu.

Huku Barbagia ardhi ni matale yaliyochoka kuwa mawe.
Yafinye: mchanga mkavu, rangi ya ugoro.
Mvua ikinyesha hauiweki, unaiteremsha chini,
na mzabibu hauna la kufanya ila kuifuata.
Mwaka wa kisima tulichimba mita saba
tukakuta mzizi, mwembamba kama uzi wa kiatu,
umetutangulia.

Mchana jua linakaanga.
Usiku, Agosti hiyohiyo, unatafuta sweta.
Ndiyo maana utamu wake haujalegea.

Alilipanda Grazia Mulas, nyanya yake Bachisio,
mwaka wanaume walipochukuliwa
kwenda kupigana kwenye theluji ya watu wengine.
Kamba ya kunyooshea safu hakuwa nayo,
alikuwa amefungia mbuzi.
Safu zikaenda zinavyotaka.
Waliorudi walimcheka; hawakuwa wengi wa kucheka kwa sauti.

Hapa hakuna waya wala nguzo.
Kila shina linajisimamia, fupi, viwiko nje,
kama mtu anayetafuta ufunguo alioangusha.
Trekta haipiti. Wanapita maksai wawili:
mmoja anaitwa Usiniulize,
wa pili Waulize-Majirani,
na ukiwaita kwa pamoja umeshatoboa siri ya nyumba.

Siri yetu ni hii.
Mwaka wa themanini na nane walikuja watu wa wizara,
viatu safi, fomu za rangi ya waridi:
ng'oa mizabibu mikongwe, ulipwe kwa hekta.
Tulikuwa na deni la paa.
Bachisio akatia sahihi, akakodi mashine,
akaanzia chini, karibu na mto.
Siku mbili. Mashina yalitoka na kelele
niliyokuwa nimeisikia kwa mng'oa meno tu.
Majira yote ya baridi tuliota moto mizizi ya Grazia,
na mkate ulinuka zabibu iliyoungua,
nasi tukaula.

Siku ya tatu alifika kwenye ukuta wa mawe, pale
unapoona mti wa kizibo uliochunwa gome,
akazima mashine.
Akarudi nyumbani kwa miguu.
Dizeli imekwisha, akasema.
Usiku nilikwenda na taa na kijiti, nikapima tangi.
Nusu.
Nikakifuta kijiti kwenye nyasi.
Miaka thelathini tumelala kitanda kimoja
na sikumwambia kwamba najua,
naye hakuniuliza kwa nini kesho yake
sikumtuma kununua mafuta.

Unachokunywa ni kile kilicho juu ya ukuta.
Shina la umri ule halina haraka ya kukufurahisha:
vichala viwili, vitatu,
vidogo kama ngumi ya mtoto aliyenuna.
Harufu ya mhadasi, sawa. Moshi kidogo, sawa.
Lakini subiri, usimeze upesi.
Unausikia ule ukakasi pembeni mwa ulimi,
kana kwamba umeuma kikonyo,
ule usioondoka hata ukila jibini?
Huo sina neno lake kwa Kiitaliano,
na kwa lugha yetu tunaguna tu.
Andika: nusu tangi.

Mwaka huu ni chupa mia nane, si zaidi.
Nguruwe mwitu walimaliza safu mbili za juu,
nao hawakuandika chochote.
Bei tutazungumza ukishavaa koti, ndivyo tufanyavyo.
Na kama lazima uteme, bwana Tesio,
tema nje, kwenye mchanga.
Ndoo hiyo ni ya Usiniulize.