Glasi Mbili

Mikono ifike kiganjani, kasema mamaye Tirza,
na shingo isionekane. Nikakata upya.
Shela nimeipunguza mara mbili:
bwana harusi ataishusha mwenyewe usoni,
akishahakikisha ndiye.

Nguzo nne za mkaratusi, kitambaa juu,
nyumba isiyo na kuta, pale Kibirizi, ziwa likitazama.
Samaki? Migebuka. Kambare hana magamba,
kambare abaki sokoni.

Halafu wakaniagiza glasi,
ya kuvunjwa kwa kisigino.
Nilishtuka. Kwetu chombo kikivunjika harusini
mashangazi hunong'ona mpaka mtoto wa tatu.

"Mama Ruhwanya," Tirza akacheka, pini mdomoni,
"hata furaha ikumbuke kilichobomoka."

Nimenunua mbili.
Ya pili ipo chini ya cherehani,
nimeiviringishia vipande vya shela.